Mashariki mwa Kongo: Mtoto akipata shida ya akili, ni nani anayeisaidia nyumba yake?

Katika mitaa ya Goma, siku inaanza mapema kwa mama mwenye mtoto anayeanguka kifafa. Kabla ya kuwasha mbabula, anatazama kwanza kitanda: mtoto amelala vizuri? Ameuma ulimi usiku? Kisha linakuja swali la kila asubuhi. Akienda soko la Virunga kuuza ndizi na ndagala, ni nani atabaki na mtoto? Na akibaki nyumbani, jioni watu wote watakula nini?

Mara nyingi jibu ni mtoto mwengine: dada wa miaka kumi au kumi na mbili, anayeacha masomo ili amchunge mdogo wake. Pale ambapo hakuna dada, kuna mlango unaofungwa kwa kufuli mpaka mama arudi. Majirani wanajua. Wamoja wananong'ona kwamba mtoto amerogwa, wengine wanakataza watoto wao kucheza naye, na wengi wananyamaza.

Ndivyo shida ya mtoto mmoja inavyogeuka kuwa shida ya nyumba nzima. Mtoto anaweza kulala kwenye kituo cha wagonjwa wa akili kwa siku au wiki kadhaa. Baada ya hapo anarudi nyumbani, na nyumbani ndipo atakapoishi miaka yote inayofuata. Dawa inamezwa pale, usingizi unapotea pale, na uvumilivu wa wazazi unaisha pale. Lakini ukiuliza msaada gani unaifikia nyumba yenyewe, jibu linakuwa fupi sana.

Neno moja kwa shida nyingi

Wakaaji wengi wanaweka kila kitu chini ya neno moja: kichaa. Neno hilo linaumiza, na tena linadanganya, sababu watoto wanaoitwa hivyo hawana shida moja.

Kuna kwanza watoto walioona mambo mazito. Mtoto aliyezaliwa Beni mwaka 2014 alikuja duniani wakati ule mauaji ya raia yanayohesabiwa juu ya ADF yalipoanza, mwezi wa kumi. Akiwa na miaka minne, Ebola iliingia, na ilimalizika katikati ya mwaka 2020. Mwenzake wa Goma alikimbia Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, halafu akasikia mabomu mjini mwezi wa kwanza 2025. Watoto wa wahami wa vita waliokuwa Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya walizoea maisha ya kambi, na mwezi wa pili mwaka huo kambi zikabomolewa wakaanza safari nyingine.

Mtoto wa namna hiyo anaweza kuanza kukojoa kitandani wakati alikuwa ameacha. Anashtuka mlango ukigonga, anakataa kwenda choo peke yake, anapigana na wenzake au anakaa kimya siku nzima. Wengi wao wanapata nafuu wakiwa na usalama, ratiba ya kila siku na mtu mzima anayewasikiliza. Hali hiyo si kichaa. Ni mwili na roho vinavyoendelea kujikinga hata hatari ikiwa imepita.

Kuna pili wale ambao huzuni au woga haviondoki kwa wiki na miezi, wanaosikia sauti ambazo wengine hawasikii, au wanaosema kwamba afazali wafe. Hao wanahitaji muuguzi au muganga, na haraka. Kuna tatu watoto waliozaliwa na akili inayokua polepole, au wenye otisimu, ambao hawasemi, hawatazami mtu usoni, wanarudia tendo moja kila mara. Hawa hawana ugonjwa wa kuponywa kwa sindano. Wanahitaji kufundishwa kwa namna yao.

Kuna mwisho kifafa. Hiki ni ugonjwa wa ubongo, si wa akili, lakini Kongo wagonjwa wake wengi wanapelekwa kwenye vituo vilevile vya wagonjwa wa akili, na wanabeba aibu ileile. Katika sehemu za Ituri, kwa mfano eneo la Mahagi, watafiti wameona kifafa kingi kwa watoto wa vijiji vilivyo karibu na mito yenye maji ya kasi. Ndipo wanapozaliana nzi wadogo weusi wanaoeneza ugonjwa wa upofu wa mito. Kumbe dawa ya ivermectin ambayo wagawaji wa kijiji wanapita nayo nyumba kwa nyumba inalinda zaidi ya macho.

Ukubwa wa jambo hili si wa kufikirika tu. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikadiria kwamba mahali penye vita, mtu mmoja kwa watano ana shida fulani ya akili, kuanzia huzuni nzito mpaka magonjwa makali. OMS inasema pia kwamba duniani, kijana mmoja kwa saba kati ya miaka 10 na 19 anaishi na shida ya akili. Kwa mtaa wenye nyumba mia moja za Goma, Bukavu ao Butembo, hesabu hiyo haiachi avenue hata moja.

Njia ndefu kabla ya kufika kwa muganga

Mzazi anayeona mtoto wake amebadilika haanzi na kituo cha afya. Anaanza na familia. Shangazi anasema ni mizimu, jirani anamtaja nabii anayeponyesha, mjomba anajua muganga wa kienyeji kule kijijini. Kila mlango una bei yake: mbuzi, pagne, dolari za sadaka, transporti ya motari. Siku familia inapofika mbele ya muuguzi, mara nyingi pesa zimekwisha na ugonjwa umekomaa.

Maombi yenyewe si adui. Kwa familia nyingi, kanisa au msikiti ndiyo mahali pekee ambapo mama analia bila kuchekwa. Hatari inaanza pale mtoto anapofungwa kamba ndani ya chumba cha maombi, anaponyimwa chakula kwa siku nyingi, anapopigwa ili pepo atoke, au mzazi anapoambiwa atupe dawa ili aonyeshe imani. Mtoto mwenye kifafa akikatiwa dawa kwa mara moja, anaweza kuanguka mfululizo bila kupumzika, na hiyo inaweza kumuua.

Kuna pia neno linalovunja nyumba kuliko yote: ndoki. Watoto wanaoshukiwa uchawi mara nyingi ni hawa hawa: anayeanguka, anayekojoa kitandani, anayeongea peke yake, yatima mwenye tabia ngumu. Wengine wanafukuzwa na kuishia barabarani.

Sheria ya Kongo iko wazi. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu chake cha 160, inasema kwamba anayemshitaki mtoto uchawi anapata kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, pamoja na faini ya franga 200 000 mpaka 1 000 000. Sheria hiyo haibagui: inamfikia pasta, inamfikia jirani, na inamfikia mjomba wa nyumbani.

Vituo vipo, lakini viko mbali

Mashariki ina mahali ambapo wagonjwa wa akili wanapokelewa. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, vyote viwili vikiongozwa na watawa wa Frères de la Charité, shirika ambalo lina kazi hiyo pia Lubumbashi, katika kituo cha Dokta Joseph Guislain. Familia nyingi za Kivu zinajua majina hayo na zinayataja kwa heshima.

Lakini vituo hivyo viko mjini. Anayetoka Walikale, Shabunda ao Minembwe anapaswa kupita barabara mbovu na vizuizi vya wenye silaha kabla ya kumwona muganga wa akili. Mtu wa familia anapaswa kubaki na mgonjwa, kumpikia na kumfulia. Pale mama anapolala kituoni na mtoto mmoja, watoto wengine wanne wamebaki nyumbani na nani? Na shamba limebaki na nani?

Ndiyo sababu OMS ilianzisha mwaka 2008 mpango unaoitwa mhGAP. Wazo lake ni rahisi: muuguzi wa kawaida wa kituo cha afya, ambaye si mtaalamu, anaweza kufundishwa kutambua kifafa, huzuni nzito na magonjwa mengine ya akili, kuanza matunzo, na kumtuma mbele yule anayezidi uwezo wake. Kwa kifafa, OMS inasema kwamba wagonjwa mpaka 70 kwa mia wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayofaa. Moja ya dawa hizo, phénobarbital, ni ya zamani na bei yake ni ndogo. Kinachosumbua ni kwamba inapatikana mwezi huu na mwezi ujao inakosekana, na ugonjwa haungoji.

Kazi inayofanyika ndani ya nyumba

Kati ya siku ya kupewa dawa na siku ya kurudi kituoni, mzazi ndiye muuguzi. Wachache ndio wanaofundishwa kazi hiyo. Lakini mambo mengi yanayomsaidia mtoto hayaombi pesa, yanaomba mtu aliyeelezwa.

Kwa mtoto anayeanguka, hatari kubwa ya nyumba zetu ni moto na maji. Mbabula iliyowekwa chini, sufuria la ugali linalochemka, ufuo wa ziwa Kivu pale watoto wanapochota maji: humo ndimo wengi wanapoumia. Mbabula ikiwekwa juu ya matofali au kwenye kona iliyozingirwa, na mtoto asiende ziwani peke yake, makovu mengi yanaepukwa. Akianguka, alazwe ubavu, nguo ya shingoni ilegezwe, kitu laini kiwekwe chini ya kichwa. Asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, asishikwe kwa nguvu. Akipita dakika tano bila kutulia, akimbizwe kituo cha afya. Povu lake haliambukizi. Anayemgusa hatapata kifafa, na anayemwacha chini kwa woga anamweka hatarini.

Kwa mtoto aliyeumizwa na vita, ratiba ni dawa ya kwanza: saa ya kula, saa ya kuoga, saa ya masomo, saa ya kucheza, saa ya kulala, hata kama nyumba ni ya turubai. Anayekojoa kitandani asipigwe wala asitembezwe mtaani na godoro kichwani. Aibu inaongeza woga, na woga unaongeza mkojo. Asilazimishwe kusimulia aliyoyaona, lakini akitaka kusema, awepo mtu wa kumsikiliza bila kumkatiza.

Kwa mtoto ambaye akili yake inakua polepole, OMS imetengeneza mafunzo ya wazazi wa watoto wa miaka 2 mpaka 9: vikao tisa vya kikundi, na mara tatu mwalimu anamfuata mzazi nyumbani. Wanajifunza kugawa kazi ndogo katika hatua ndogo zaidi. Kunawa mikono kunakuwa hatua tano: kukunja mikono ya shati, kumwaga maji, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza. Mtoto anasifiwa kwa kila hatua. Mwalimu wa mafunzo hayo halazimiki kuwa na diploma ya saikolojia. Anaweza kuwa mtu wa kijiji aliyefundishwa na anayefuatiliwa.

Katika mafunzo hayo kuna sehemu moja ambayo wazazi wengi hawakuitegemea: ile inayowahusu wao wenyewe. Mama asiyelala, anayelaumiwa na wakwe kwamba alileta balaa, aliyeachwa na bwana juu ya mtoto huyo, hawezi kuwa mpole kila saa. Kumsaidia mama ni sehemu ya matunzo ya mtoto.

Avenue inaweza kufanya nini?

Kongo haikosi watu wa karibu. Kila eneo la afya lina wajitoleaji wanaoitwa RECO, ambao wanajua nyumba moja baada ya nyingine juu ya chanjo na malaria. Mahali pengi kuna RECOPE, mtandao wa wakaaji wanaolinda watoto, na familia za kupokea watoto kwa muda. Kuna wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii, APS, kwenye miradi ya mashirika. Wakatoliki wana shirika zao za mtaa, Waprotestanti wana vikundi vya wamama, Waislamu wana misikiti. Kuna vikundi vya akiba, AVEC, ambapo wamama wanaweka franga kila wiki, wanakopeshana, na wana mfuko wa kusaidiana wakati wa ugonjwa na kilio.

Historia ya karibu inaonyesha kwamba watu hao wanaweza kazi ngumu. Wakati wa Ebola, Beni, watoto wadogo ambao wazazi wao walilazwa walibaki bila wa kuwashika, sababu kila mtu aliogopa kuambukizwa. Pakafunguliwa mahali pa kulelea watoto karibu na kituo cha matunzo, na waliowashika mikononi ni watu waliopona Ebola, ambao miili yao ilikuwa imepata kinga. Waliokuwa wanakimbiwa mtaani ndio walioaminiwa watoto.

Mfano mwengine unatoka eneo la Dungu, Haut-Uele. Matokeo ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast, yaliyotolewa mwaka 2014, yalihusu watoto na vijana 159 wa miaka 7 mpaka 18, katika vijiji viwili vya mbali vilivyokuwa vinatishwa na waasi wa LRA. Waliowaongoza hawakuwa waganga, walikuwa watu waliofundishwa. Wazazi pia waliingizwa ndani ya kazi hiyo. Nusu ya watoto walianza, wengine wakangoja zamu yao. Wale walioanza walionyesha dalili chache zaidi za kuumizwa na vita kuliko waliokuwa wanangoja. Yote hayo kijijini, bila hospitali kubwa.

Kwa hiyo swali la mtaa linaweza kuwa dogo na la wazi. RECO anayepita juu ya chandarua anaweza kuuliza pia: kuna mtoto asiyetoka ndani ya nyumba hii? AVEC inaweza kukubali kwamba dawa ya kifafa ni ugonjwa kama mwengine, na mfuko wa kusaidiana uilipe mwezi ambao mama amekosa. Mwalimu anaweza kumweka mtoto huyo benchi ya mbele badala ya kumrudisha nyumbani. Pasta anaweza kusema mbele ya waamini wote: omba, na umeze dawa. Chefu wa avenue anaweza kumkumbusha anayetamka neno ndoki kwamba kifungu cha 160 kipo.

Na majirani watatu au wanne wanaweza kugawana saa. Siku ya soko, mmoja anamchunga mtoto mpaka saa sita, mwengine mpaka jioni. Kwa mama, hizo ni saa za kuuza. Kwa dada mkubwa, ni siku ya masomo iliyookolewa. Tangu mwaka 2019 serikali ilitangaza masomo ya msingi ya bure, lakini ubure huo haumfikii msichana aliyefanywa mlinzi wa mdogo wake.

Miradi inakwisha, familia inabaki

Mzigo huu hauwezi kuachiwa majirani peke yao. Kwa miaka mingi, msaada wa kisaikolojia mashariki umeingia kwa njia ya miradi: miezi sita, mwaka mmoja, halafu turubai la watoto linakunjwa na APS anaenda mahali pengine. Mwaka 2025 umeonyesha namna njia hiyo ilivyo dhaifu. Benki za Goma zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na mwanzoni mwa mwaka uleule Marekani ikakata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Mtoto aliyekuwa anafuatiliwa kila wiki alijikuta bila mfuatiliaji.

Kinachobaki mradi ukiondoka ni vitu vitatu: muuguzi wa kituo cha afya kama alifundishwa, dawa kama iliingizwa kwenye orodha ya kawaida ya kituo, na mtaa kama ulielewa. Vitu hivyo vitatu ndivyo ambavyo wakuu wa maeneo ya afya, wanaotawala huku na huku, na mashirika yanayotoa pesa wanaweza kuulizwa. Muuguzi aliyefundishwa haondoki na gari la mradi. Kisanduku cha phénobarbital kinachohesabiwa kila mwezi pamoja na dawa za malaria kina nafasi kubwa ya kutokosekana.

Kwa mzazi anayesoma haya akiwa na mtoto wa namna hiyo nyumbani, hatua ya kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu, hata kama hakina mtaalamu. Aeleze alichokiona: lini kilianza, kinarudi mara ngapi, mtoto anafanya nini kabla na baada. Akiwa na simu, amrekodi mtoto wakati anaanguka, muuguzi aone mwenyewe. Mtoto anayesema anataka kufa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na dawa, kamba na visu viondolewe karibu.

Kwa jirani, hatua ni fupi zaidi. Ni kubisha mlango ule unaofungwa kwa kufuli, kabla mama hajatoka, na kumwambia: mama, leo nenda sokoni, mimi nitabaki naye.